Sabufa ya kiwandani kwenye gari ya zamani: uikarabati, utafute used, uweke spika mpya au ununue ya chini ya siti?

Gari ikishakula chumvi, kwenye mziki kitu cha kwanza kusalimu amri huwa ni sabufa iliyokuja nayo toka kiwandani. Unaweka wimbo wenye bezi ya maana, badala ya mdundo unasikia mkwaruzo huko nyuma, au husikii kitu kabisa na mziki wote umebaki na sauti ya milangoni tu, nyembamba. Hapo ushauri unakuja wa kila aina, huyu anakwambia toa tupa piga boksi la inchi 12, yule anakwambia fundi wa mtaani atakubandikia sponji mpya kwa hela ndogo tu, mwingine anakutumia picha ya sabufa ya chini ya siti eti ndio kila kitu siku hizi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kama koili (ule waya uliosukwa unaosukuma koni, yaani sahani ya spika inayotikisika) ni nzima na amplifaya ya gari (kifaa kinachokuza sauti) inafanya kazi, karabati. Kama amplifaya imekufa, achana na ile spika, nenda kwenye sabufa yenye amplifaya yake ndani. Kuchukua spika yoyote mpya ya dukani na kuifunga kwenye tundu la zamani naiweka mwisho, na kwa bahati mbaya ndio watu wengi wanayoanza nayo.

Kwanza hakikisha kweli imekufa

Hii sehemu watu wanairuka na ndio inayookoa hela nyingi kuliko zote. Gari zetu nyingi ni used za Japan, na redio za Japan za miaka ile zinashika FM kuanzia 76 hadi 90 tu wakati stesheni za huku ziko 87.5 hadi 108, kwahiyo mtu akishatoa gari bandarini haichukui muda anabadilisha redio, anaweka ya android yenye kioo kikubwa. Fundi anaunganisha milango minne, mziki unalia, anachukua chake anaondoka. Shida ni kwamba sabufa haikuwa inaendeshwa na redio, ilikuwa inaendeshwa na amplifaya iliyofichwa, mara chini ya siti, mara pembeni ya buti, na hiyo amplifaya inaamshwa na waya mmoja mwembamba wa rimoti unaotoka kwenye redio. Ule waya ukiachwa unaning'inia nyuma ya dashibodi, amplifaya hailali njaa tu, haiamki kabisa, na sabufa nzima inahesabiwa mbovu. Kwenye gari ambazo spika zote zinapita kwenye amplifaya, mafundi wengine wanaona shida wanakata waya wanairuka amplifaya yote wanapeleka moja kwa moja milangoni, sabufa inabaki yatima.

Kwahiyo kama umenunua gari mkononi mwa mtu na redio imeshabadilishwa, anza hapo. Angalia fyuzi ya amplifaya, angalia kama waya wa rimoti una volti 12 redio ikiwa imewashwa, angalia kwenye setingi za redio kama sabufa haijawekwa sifuri. Halafu kuna kipimo kizuri sana na hakina gharama: chukua spika yoyote ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) uliyonayo, hata ya mlangoni, chomoa waya kwenye sabufa uunganishe hapo kwa sauti ndogo. Ikinguruma, amplifaya iko hai na mgonjwa ni sabufa. Ikikaa kimya, tatizo liko kabla ya sabufa na hata ukinunua spika ya laki ngapi haitalia.

Tena sikiliza vizuri huo mkwaruzo unatoka wapi. Plastiki ya shelfu ya nyuma, taa ya breki ya juu, namba ya gari, vyote vinatetemeka bezi ikipiga. Weka mkono ubonyeze kimoja kimoja mziki ukiwa unalia. Wapo watu wamebadilisha sabufa na kelele ikabaki palepale.

Sasa umeifungua, unaangalia nini?

Kwenye sistimu ya sabufa kuna vitu vitatu vinavyokufa. Cha kwanza na cha kawaida kuliko vyote ni ile ringi ya sponji inayoshika koni pembeni. Sponji ile inaoza yenyewe kwa unyevu na joto, hata kama gari ilikuwa inasikiliza taarifa ya habari tu, na baada ya miaka kumi na kitu unaigusa kwa kidole inamung'unyuka. Sasa fikiria gari iliyokaa Dar, Tanga au Mombasa, sabufa iko kwenye shelfu chini ya kioo cha nyuma inapigwa na jua kutwa nzima. Zile zenye ringi ya raba zinadumu zaidi, kwahiyo angalia kabla hujahukumu.

Cha pili ni koili. Weka mita kwenye omu, pima kwenye miguu ya spika ikiwa haijaunganishwa. Spika ya omu 4 ikiwa nzima mita itasoma chini kidogo, 3.2 hadi 3.6 hivi, ya omu 2 itasoma 1.5 hadi 1.8. Mita isiposoma kitu, koili imekatika au zile nyuzi zinazotoka kwenye koni zimekatika, angalia nyuzi kwanza kwasababu hizo zinalehemika. Halafu weka vidole pande mbili za koni, bonyeza taratibu kwa usawa. Ikishuka na kupanda kimya, safi. Ikikwaruza, koili inagusa sumaku, imepinda au imeungua, na hapo hadithi inabadilika.

Cha tatu ni amplifaya yenyewe, kapasita zimekauka au solda imepasuka, au maji. Gari yenye amplifaya au sabufa chini karibu na tairi la spea, mpira wa buti ukivuja kidogo tu maji yanatuama kule na huwezi kujua mpaka mziki unyamaze.

Kuweka ringi mpya dhidi ya kila kitu kingine

Kama ni sponji tu iliyooza, sioni kinachoshinda kubadilisha ringi. Sababu kubwa sio bei, ingawa bei nayo ni nafuu, ringi za inchi 8 nje ya nchi zinauzwa kama dola 20 hadi 40 kabla ya usafiri, na mafundi wa spika huku wana zao. Sababu ni kwamba ile spika na ile amplifaya vilitengenezwa pamoja. Kiwandani wanajua koni ile ni dhaifu wapi, basi amplifaya inaongeza bezi pale inapopungua na kuibana sauti ikiwa kubwa isijiue. Ukirudisha koni ileile ikiwa na ringi nzima unarudisha sistimu nzima, hukati waya, hutoboi bati, na gari inabaki kama ilivyo, kitu ambacho ukija kuuza mnunuzi anakipenda.

Ila kazi ni ya utulivu na hapa ndio mafundi wanatofautiana mbingu na ardhi. Kwanza usinunue ringi kwa kutaja "inchi 8" tu, maana inchi 8 ya huyu sio ya yule, pima upana wa koni pale ringi inaposhikia na upana wa fremu pale inapokaa. Sponji ya zamani na gundi yake vinatolewa vyote mpaka pasafi, kwa spiriti na uvumilivu, sio kwa bisibisi. Kisha kinachoamua kama spika italia au itakwaruza ni kuiweka koili katikati kabla gundi haijakauka. Njia ya kizamani na nzuri ni kukata kile kifuniko cha katikati ya koni na kuingiza vipande vyembamba vya filamu kati ya koili na sumaku, filamu ya eksrei inafaa sana, gundi ikishakauka unavitoa unabandika kifuniko kingine. Mwingine anaacha kifuniko na kupiga mlio wa chini sana, hezi 20 au 30, kwa sauti ndogo akisikiliza mkwaruzo huku anasogeza ringi kidogo kidogo.

Fundi akitoa super glue mwambie arudishe mfukoni. Inakauka ngumu kama kioo, na hakuna muda wa kusogeza. Gundi ya viatu nayo inashika haraka mno kwa kazi hii kama hana mkono mwepesi. Na ile ya kupaka silikoni kwenye mipasuko ya sponji, najua inafanyika sana, inatuliza kelele mwezi au miwili lakini inaongeza uzito, inakaza koni, na silikoni ile inayonuka siki inatoa asidi inayokula chuma. Kama ni ya kuvusha wiki mpaka ringi ifike sawa, kama ni dawa hapana.

Kusuka koili upya ni kitu kingine. Mafundi wa kusuka wapo na wengine wana kipaji haswa, kwa spika za kanisani na za baa wanafanya kazi nzuri. Kwa sabufa ya kiwandani ya gari sishauri sana, kwasababu nyaya zikipungua au zikizidi omu zinabadilika, uzito unabadilika, na amplifaya ya gari haikutegemea hivyo. Koili ikishaungua mimi nahamia kutafuta nyingine.

Used ya Japan, ya kwenye gari kama yako

Hii ndio mpinzani wa kweli wa ringi. Unaingia Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, unatafuta sabufa iliyotoka kwenye gari ya namba ya modeli ileile, inaingia kwenye mashimo yaleyale, konekta ileile, omu zilezile. Kwa mtu ambaye koili yake imeungua hii ndio njia fupi.

Ila tumia akili kidogo: ile used ina umri sawasawa na ya kwako. Sponji yake imeanza kuoza kama ya kwako ilivyooza, tofauti ni kwamba yenyewe imekaa kwenye baridi ya Japan na huenda imebakiza miaka miwili mitatu. Usiinunue ikiwa imefungwa kwenye nailoni. Gusa ringi kwa kidole, ikiacha unga mweusi ni maiti. Pima koili na mita, bonyeza koni. Na kama bei yake inakaribia bei ya ringi mpya na ufundi, chukua ringi, kwasababu ringi mpya inaanza kuhesabu miaka yake sifuri. Kuna ujanja mmoja mzuri, ukipata used ya bei chee yenye sponji imekwisha lakini koili nzima, nunua hiyo na uiwekee ringi, mwenye duka mwenyewe anaiona takataka.

Spika mpya ya dukani kwenye tundu la zamani

Sasa hii. Naelewa kwanini inavutia, unaenda Kariakoo au Luthuli unakuta inchi 8 inang'aa, boksi limeandikwa wati 1000, unafikiri itapiga kuliko takataka ya kiwandani yenye sumaku kama kifuniko cha chai. Unafunga, inapiga chini kuliko ya zamani ilivyokuwa kabla haijaharibika. Fundi anakwambia "itazoea". Haizoei.

Sababu ya kwanza ni omu. Sistimu nyingi za kiwandani, Bose wakiwa maarufu kwa hili, zinatumia spika za omu ndogo, 2 au hata chini ya hapo. Nguvu inayotoka ni volti mara volti gawanya kwa omu. Amplifaya inayotoa volti 10 kwenye omu 2 inakupa wati 50, kwenye omu 4 inakupa 25, nusu imepotea kabla hujafunga skrubu ya pili, na ile spika mpya nzito ndio inataka nguvu zaidi sio pungufu. Ukifanya kinyume, ukaweka omu ndogo kuliko ya kiwandani, amplifaya inachemka mpaka inazima au inakufa. Halafu kuna sabufa za kiwandani zenye koili mbili, kila koili na chaneli yake, ukiweka ya koili moja nusu ya kazi imekosa pa kwenda, kwahiyo hesabu waya zinazoingia.

Sababu ya pili haisemwi kabisa dukani: hewa. Sabufa ya kwenye shelfu ya sedan haina boksi, buti lote ndio boksi lake. Spika nyingi za dukani zimetengenezwa kukaa kwenye boksi dogo lililozibwa, hewa ya ndani ndio inasaidia kuishika koni. Ukiiweka wazi kwenye shelfu koni inarukaruka hovyo, bezi inakuwa nyembamba na ukipandisha sauti inagonga chini. Inatakiwa iliyotengenezwa kwa ajili ya kukaa wazi, na hizo hazijajaa madukani. Sababu ya tatu ni kina, za kiwandani ni fupi, mpya ina sumaku ndefu, chini yake kuna vyuma vya kufungulia buti, mwisho fundi anatoa grainda. Bati la gari yako likishakatwa halirudi.

Inafanya kazi lini? Ukipata yenye omu sawa, ya kukaa wazi, fupi, na ringi ya raba. Hiyo ni nzuri na itadumu kuliko ya kiwandani. Lakini wangapi wanapima hayo kabla ya kulipa.

Sabufa ya chini ya siti

Hizi zenye amplifaya ndani, boksi jembamba la chuma, inchi 8 mara nyingi, kina Kenwood, Pioneer, JBL na Alpine wanazo zote. Faida yake kubwa ni kwamba haijali omu wala amplifaya ya gari. Inachukua mziki kutoka kwenye waya za spika za nyuma au kutoka kwenye redio, inachukua umeme wake kwenye betri, basi. Kama amplifaya ya gari imekufa, au kama redio ya android imeshaingia na waya zimeshakatwakatwa, usipoteze muda kufufua, hii ndio chaguo. Na siku ukiuza gari unaitoa unaondoka nayo.

Usitegemee itikise vioo. Inajaza ile bezi iliyokosekana kwenye milango, vizuri na kwa usafi, lakini ile bezi ya chini kabisa ya kwenye kifua sabufa nzima ya kiwandani kwenye shelfu inaweza kuishinda. Kwenye boksi soma wati za RMS, yaani zile inazoweza kutoa muda wote, hizo za "max" ni za kupamba.

Ufungaji ndio hatari iliko. Umeme unatoka betri moja kwa moja, waya mnene, na fyuzi inakaa karibu kabisa na betri, sio kule kwenye sabufa. Waya mrefu usio na fyuzi ukichunika ukagusa bati gari inawaka moto, na hili sio la kutania. Ethi, yaani waya wa hasi, funga kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Chini ya siti kuna konekta za njano, hizo ni za eabegi, hazichezewi wala kuchomolewa switchi ikiwa imewashwa. Kuna njia za hewa za kwenda nyuma, usizizibe. Na wenye Harrier Hybrid, betri kubwa ya gari iko chini ya siti ya nyuma na inapumua kwa matundu ya palepale, usiweke kitu mbele yake, na waya wa rangi ya chungwa usiuguse.

Boksi la inchi 12 na amplifaya yake sitalizungumzia sana, ni la mtu anayetaka kelele na yuko tayari kupoteza buti. Kwa familia inayobeba magunia ya mpunga kila likizo, hapana.

Gari kwa gari

Subaru Legacy na Outback za 2003 hadi 2009 zenye sistimu ya McIntosh: karabati kwa nguvu zote. Redio ya hizi imeungana na paneli ya AC, kuibadilisha ni ujenzi, na sistimu yenyewe ikiwa nzima ni tamu kuliko vingi unavyoweza kufunga kwa hela hiyo.

Mercedes W211 na BMW za kizazi cha E60: hizi mziki unapita kwenye waya wa mwanga uliozunguka kama duara, redio, simu, amplifaya, vyote kwenye mnyororo mmoja. Amplifaya ikichomolewa ovyo duara linakatika na mziki wote unazima, redio inaonekana nayo imekufa. Mpelekee fundi anayelijua hilo, ukimuona anaanza kukata muage. Sponji hapa ndio ushindi wa wazi, spika unaitoa bila kugusa amplifaya.

Mazda zenye Bose ambazo sabufa inakaa ndani ya tairi la spea: kabla ya yote muulize aliyekubadilishia pancha. Anaichomoa kutoa tairi halafu anasahau kuirudisha konekta, au anaibana waya. Ikiwa kweli imekufa, tafuta used, maana umbo lake halifanani na kitu chochote dukani.

Sedan za Toyota zenye sabufa kwenye shelfu, redio ya asili bado ipo: ringi. Redio ya android imeshawekwa lakini amplifaya ya kiwandani bado iko hai: mwambie fundi aunganishe ule waya wa rimoti na aipelekee amplifaya mziki wa sabufa, kisha ringi. Amplifaya imeshatolewa na hujui iko wapi: chini ya siti.

Na unapompelekea fundi wa spika, peleka spika peke yake mkononi usimpelekee gari, itoe mwenyewe ukipiga picha jinsi waya zilivyokaa na kuweka alama upande wa chanya. Siku ya kuichukua usikubali aipige kwa mziki wa kelele kukufurahisha. Omba mlio wa chini, sauti ndogo, weka sikio karibu na koni, halafu ndio ulipe. Gundi nayo iachie siku nzima ikauke kabla hujaifunga na kuipandisha sauti.